Mstari wa Nusu Tofali

Wanangu wa kamati, mmeshinda. Tangu nilipostaafu simu yangu haipumziki: "Mama Faida, andika, tusije tukasahau." Mwingine, "Mama, tutumie sauti tu." Sauti sitaki. Nikianza kusimulia nacheka, nikicheka nakohoa, nikikohoa binti yangu ananinyang'anya simu. Naandika, na mtasoma. Na asitokee wa kunisahihisha Kiswahili. Mimi ni mtu wa Uvira niliyekaa Durban miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Kiswahili changu kimepikwa chungu kimoja na cha Warundi na cha Watanzania, na Kizulu kidogo juu yake kama pilipili. Anayetaka kilichonyooka akasome magazeti.

Kazi yangu ilikuwa kudai kazi za watu wengine. Kanisani wakiniuliza, "Mama, unafanya kazi gani?" nilijibu hivyo hivyo, wakacheka wakidhani nawatania. Jumatatu hadi Ijumaa asubuhi nilikuwa kwenye mageti ya viwanda Mobeni. Jumamosi nilibisha hodi milangoni. Jumapili nilisali, na ibada ikiisha nikawabishia hodi wale wale niliosali nao. Kamati haikuwa na ofisi. Tulikuwa na daftari, muhuri, na kipaza sauti cha betri kilichokoroma kuliko kilivyosema. Tulikutana kila Ijumaa mchana chumbani kwangu Glenwood, katika nyumba kubwa ya zamani iliyojaa wanafunzi wapangaji. Mvua ikinyesha tulihamisha ndoo huku na huku, mkutano ukaendelea.

Nimeyakumbuka mageti yale, jamani. Mtu mzima kukumbuka geti! Nikiamka alfajiri mwili bado unatafuta viatu vya kusimamia. Nakaa kitandani nikikumbuka harufu ya sabuni ikitoka dirishani kwa kiwanda, mama muuza chai akipiga kijiko kwenye birika, watu wakitaniana kwa lugha sita. Na namkumbuka MaNgcobo. Nitafika kwake, msiwe na haraka.

Nyinyi neno "kubana matumizi" mmelisoma chuoni kule Westville. Sisi lilitujia kwa miguu. Kwanza walikuja getini wafagia barabara, mradi wao umefungwa. Wakafuata wasafishaji wa zahanati, serikali imesema hakuna pesa ya kuajiri. Kisha washonaji, mashine zao zimezimwa. Geti lililokuwa na watu thelathini likawa na mia mbili, nafasi ni zile zile. Kiwanda ninachokisema kilikuwa cha sabuni, na jina lake naliacha. Hakikuajiri chenyewe, kilimtumia dalali wa vibarua, na dalali alimweka getini bwana mmoja tuliyemwita Kofia, kwa sababu hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake.

Kofia alikuwa na mistari mitatu. Wahindi na machotara upande wa kulia, hao wa kufungasha na kuandika. Wazulu katikati, hao wa kupakia malori. Sisi wa Kongo na Burundi, makwerekwere kama walivyotutukana, mwisho kabisa kando ya mtaro. Kazi yetu ilikuwa kuosha mapipa ya dawa iliyochubua mikono, kwa ujira mdogo kuliko wote. Hakuuliza mtu anajua nini. Kulikuwa na Mrundi aliyekuwa mwalimu wa hesabu Bujumbura, akaosha mapipa miaka miwili. Kulikuwa na Mzulu mwenye cheti cha umeme, akabeba maboksi. Na Kofia alikuwa mjanja. Wazulu wakidai nyongeza, wiki hiyo anatuchukua sisi wengi. Sisi tukilalamika mikono, anasema Wazulu wapo. Tukabaki kuchukiana sisi kwa sisi, yeye akanywa chai yake.

MaNgcobo nilikutana naye kwa ugomvi. Siku hizo mtu akitaka kwenda kunywa chai aliacha kitu mahali pake mstarini, kofia, mwavuli, chochote. Asubuhi moja nilikuwa nimechoka na mtaro. Nikaiweka ndoo yangu mstari wa katikati, wa Wazulu, nikaenda zangu kwa mama wa chai. Narudi, ndoo iko mtaroni, na mahali pake amesimama mwanamke mnene, mikono kiunoni.

"Nani ametupa ndoo yangu?"

"Mimi," akasema. "Ilikuwa imepotea njia, nikairudisha kwao."

Ee! Damu ikanipanda. Nikamwaga maneno yote niliyokuwa nayo, Kiswahili, Kifaransa, Kifuliiru cha bibi yangu. Naye akanijibu kwa Kizulu, hakuna aliyemwelewa mwenzake, lakini tulielewana vizuri sana. Kofia akatoka kibandani, akajiegemeza kwenye geti akicheka mpaka anajifuta machozi. Hapo MaNgcobo akanyamaza. Akamtazama yule bwana, akanitazama mimi, akasema polepole kwa Kiingereza ili nimwelewe, "Unaona anavyofurahi?"

Nikasema naona.

Akashuka mtaroni mwenyewe, mwili wote ule, akaitoa ndoo, akaifuta kwa aproni yake. Kamati ilianza hapo. Msidanganywe na wanaosema ilianza kwa maazimio.

Alikuwa mjane wa Umlazi, mshonaji aliyeshona miaka thelathini, akatolewa kiwanda cha nguo kilipofungwa. Yote mnayosema nimewafundisha, yeye ndiye alinifundisha. Ukibisha hodi, rudi hatua mbili nyuma. Ukimsimamia mtu kizingitini anakuona polisi. Usimwombe saini kabla hujajua jina la mtoto wake. Mwenye njaa usimpe hotuba, mpe saa na mahali. Kipaza sauti kishike upepo ukiwa mgongoni mwako, la sivyo utahutubia ukuta. Mkutanoni usikae karibu na anayesema lugha yako. Hiyo ilinitesa. Mkutano wangu wa kwanza nilikaa ubavuni kwa yule fundi umeme saa mbili nzima bila kuelewa kitu, tukila peremende zake. Mwisho wa mkutano nilikuwa najua ana mapacha na mama yake anaumwa magoti. Sijui alinielezaje.

Tena alikuwa na sheria ya salamu: Mzulu afungue mkutano kwa Kiswahili, mgeni aufungue kwa Kizulu. Kiswahili chake chote kilikuwa maneno mawili, "Jamani, tulieni!" Aliyatumia kila mahali. Siku moja kwenye kituo cha taxi madereva walikuwa wanagombea abiria, akawakemea, "Jamani, tulieni!" Wakatulia, wanashangaa ni lugha gani. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Lazima niwaambie na ya suti. Tulipanga kumpelekea meneja wa kiwanda barua yetu: mstari mmoja, ujira mmoja, aliyetangulia aingie. Tukakubaliana wajumbe sita waende saa nne. Nikawaambia ndugu zangu Wakongomani wanne, vaeni vizuri. Ndilo lilikuwa kosa. Mkongomani humwambii avae vizuri. Walikuja na suti za kanisa, mmoja ya rangi ya maziwa, viatu vya ncha vinang'aa, na manukato yaliyotangulia mbele yao mita kumi. Mlinzi akawapigia saluti. Alidhani ni wageni wa makao makuu. Aliwapitisha mpaka chumba cha mkutano, wakaletewa chai na biskuti, wakaonyeshwa mashine mpya. Mimi na MaNgcobo, tuliovaa kama watu wa kudai haki, tulizuiwa getini. Tukawaona kwa dirisha yule wa maziwa akimpa meneja mkono na kumkabidhi barua kama anamkabidhi zawadi. Meneja alipoisoma, uso ukambadilika. Lakini alishawapa chai, na mbele ya makarani wote! MaNgcobo alining'ang'ania bega akicheka. "Faida, hawa watu wako tungewapeleka bungeni."

Ijumaa ile alikula sahani mbili. Sijawaambia: kila Ijumaa baada ya mkutano wengine wakiondoka, yeye alibaki. Nilipika sombe, majani ya muhogo, na ndagala, dagaa wakavu walioletwa na Warundi. Mara ya kwanza alichungulia sufuria akasema, "Hawu, kwenu mnapika miti?" Akaonja kwa ncha ya kijiko. Akaonja tena. Mwishowe akachukua sufuria, akakaa nayo mapajani kabisa, tukasimuliana wafu wetu. Yeye mume wake na mtoto wa kwanza. Mimi baba yangu na kaka zangu wawili. Sijawahi kuwa na rafiki kama yule, hata nyumbani. Mpaka leo nikinunua sombe nanunua ya watu wawili.

Sasa matofali.

Meneja alijibu kwamba mstari mmoja hauwezekani, kwa sababu vitu vya watu mstarini havieleweki. Na kweli, Kofia alikuwa ameshajua kila kitu ni cha nani. Chenye shanga ni cha Mzulu, kiatu cha ncha ni cha Mkongomani, mwavuli wa maua ni wa mama Mhindi. Alipiga teke alichotaka. MaNgcobo akafikiri wiki nzima. Nyuma ya kiwanda kulikuwa na ukuta uliobomolewa. Akaokota kipande cha tofali, nusu, akakiweka juu ya meza yangu katikati ya mkutano. "Hili," akasema, "ni la kabila gani?"

Tukakubaliana. Kila anayefika analaza nusu tofali ukutani, moja nyuma ya jingine, anahesabu namba yake, anaishika kichwani, anakwenda kukaa ng'ambo ya barabara. Hakuna jina, hakuna alama. Kofia ahesabu matofali kwanza, ndipo wenye nayo waje wasimame. Na kila asubuhi walinzi wawili wa mstari, mwenyeji mmoja na mgeni mmoja, wasiondoke hata kwa chai.

Kofia akakataa. Basi hatukuingia. Siku tatu mtu hakupita geti lile, si Mzulu, si Mhindi, si Mrundi, malori yamesimama na sabuni inanuka juani. Siku tatu bila kazi kwa watu wale si mchezo. Niliwaona akina mama wakigawana mkate mmoja, Mhindi akimkatia Mkongomani, wote wanatazama geti. Siku ya nne Kofia akatoka, akayatazama matofali, akaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Kelele zilizopigwa hapo bado ziko masikioni mwangu. Kuanzia siku hiyo yule mwalimu wa hesabu aliingia chumba cha kufungashia, na mwana wa Kihindi akaosha mapipa, na siku ya pili tu wakaleta glavu.

Mngetaka niishie hapo. Najua, mnapenda kuipiga picha habari ya matofali na kuiweka kwenye simu zenu. Lakini mmeniambia niandike msije mkasahau, na mimi kuna kitu ambacho nisingependa nisahauliwe bila kukisema.

Mdogo wangu Zawadi alikuwa hapa Durban na watoto watatu. Miezi minne hakupata kitu. Kule nyumbani Uvira risasi zilikuwa zimeanza tena, mnajua habari za kwetu. Ijumaa moja ikatangazwa kwamba Jumatatu kiwanda kitachukua watu kumi na wawili kwa mkataba wa miezi sita. Si kibarua cha siku, mkataba. Zawadi akaniambia, "Dada, nisipopata Jumatatu, napanda basi na watoto, narudi. Heri nife kwetu kuliko kufa hapa kwa aibu." Na Zawadi si mtu wa maneno ya bure. Mabegi alikuwa ameshayafunga.

Jumatatu walinzi wa mstari tulikuwa MaNgcobo na mimi. Zawadi alichelewa, mtoto wa mwisho alikuwa na homa. Tofali lake likawa la kumi na nne.

Kule mbele mzee mmoja akaanguka kwa kizunguzungu. MaNgcobo akakimbia kumshika. Mimi nikabaki peke yangu na mstari. Nikatazama huku, nikatazama kule, macho ya wote yako kwa mzee. Niliinama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, nikalichukua tofali la mdogo wangu, nikalisogeza mbele ya lile la kumi na mbili. Ilikuwa kazi ya sekunde tatu. Nikavuka barabara, nikamnong'oneza Zawadi, "Simama kwenye la kumi na mbili." Akanitazama, akaelewa, akainamisha kichwa.

Kofia akahesabu, wenye matofali wakaitwa. Nyuma ya tofali la kumi na mbili wakasimama wawili. Zawadi, na msichana mmoja Mzulu jina lake Thandeka. Alikuwa mrefu, mwenye mwanya, kofia ya sufu ya kijani kichwani hata siku za joto, mtu wa kimya. Akasema, "Hili ni langu. Nilihesabu mara mbili."

Watu wakaanza kunung'unika. Wazulu wakasema, mnaona, wageni. Wetu wakasema, mnaona, wenyeji. Kofia alishaanza kutabasamu. Mstari mzima ulikuwa unakatika pale pale mbele ya macho yangu.

MaNgcobo akaja akinyoosha mkono. Hakuniuliza. Laiti angeniuliza! Labda ningesema. Alisimama mbele ya watu wake mwenyewe, akamwambia yule msichana kwa upole, "Mntanami, mwanangu, hesabu imekupotea. Mama Faida alikuwa anaangalia mstari. Mama Faida hasemi uongo."

Thandeka akanitazama. Mimi nikatazama tofali.

Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Rudi shule ukajifunze kuhesabu!" Watu wakacheka, kile kicheko cha watu waliopata nafuu kwa kuwa hakuna ugomvi. Thandeka akaanza kuhesabu tena kwa vidole, midomo inatikisika, kama ameanza kujitilia shaka mwenyewe. Kisha akavuta kofia yake chini, akaondoka. Hakurudi getini kesho yake, wala wiki iliyofuata.

Nilinyamaza miezi mitano. Nilijiambia nanyamaza kwa ajili ya kamati, kwa sababu mageti mengine mawili yalikuwa yamekubali matofali, na nikisema, watu watapata neno la kutumaliza: mgeni ni mwizi. Uongo mtupu. Nilinyamaza kwa sababu ya Ijumaa zangu. Kila Ijumaa nilimpakulia sombe nikimtazama anavyokula, na kila Ijumaa nikasema, wiki ijayo.

Nilipomwambia, alikuwa na kijiko mdomoni. Alitafuna polepole, akameza. Akakiweka kijiko chini, si kwa hasira.

"Kwa nini unaniambia?" akauliza.

"Moyo umekuwa mzito, dada."

"Kwa hiyo unanigawia." Akaisogeza sahani pembeni. "Faida, ulipochukua tofali ulimwibia yule mtoto kazi. Mimi nilimwibia akili yake. Nilimwambia mbele ya watu hajui kuhesabu, na mdomo niliotumia ulikuwa wangu."

Nikaanza kulia. Akaniambia nisilie chumbani kwake, akakumbuka ni chumba changu, akasimama akachukua mkoba.

Jumatatu nilishika kipaza sauti mwenyewe, upepo mgongoni, nikayasema yote kwa Kizulu changu kibovu. Nilitegemea mawe. Hayakuja. Wazee wakajadiliana, wakaamua nisilinde tena mstari mwaka mzima, na mwezi mzima niwe mbeba matofali, niyatoe asubuhi na kuyarudisha. Kofia akaruka, "Basi, mambo ya matofali yamekwisha!" Na hapo yule yule aliyempigia Thandeka kelele arudi shule akamwambia, "Wewe nani amekuuliza? Mstari unabaki." Unabaki, wakasema, Wazulu, Wahindi, watu wangu wa mtaroni, wote. Nilikuwa nimeogopa miezi mitano kwamba ukweli utauvunja mstari. Watu walikuwa na nguvu kuliko nilivyowadhania, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Nyinyi mnaoongoza watu, ukweli wapeni mapema.

Tulimtafuta Thandeka, mimi na MaNgcobo pamoja. Tulikwenda Umlazi hadi nyumba aliyokuwa amepanga. Jirani akasema amehama. Mwingine akasema Johannesburg, mwingine akasema Newcastle kwa shangazi. Jina la ukoo hakuna aliyelijua kwa uhakika. Namba yake haikupatikana. Kwenye taxi ya kurudi MaNgcobo alikaa kiti cha mbele, mimi cha nyuma.

Tulifanya kazi pamoja miaka minne mingine. Alinisalimia kila asubuhi. Mbele ya mameneja alinitetea kama zamani, na siku polisi waliponisukuma alisimama katikati. Lakini Ijumaa mkutano ukiisha alisema, "Haya, sharp, Faida," akaondoka na wengine. Chakula changu hakukila tena. Mwaka wa kwanza niliendelea kupika, nikaweka sahani mbili. Alipita mlangoni akaziona, akasema zinanukia vizuri, akaenda.

Mtaniuliza kama najuta. Zawadi hakurudi Uvira. Wiki ile ile aliyotaka kusafiri, mtaa wetu wa kule uliungua. Leo yuko Cape Town, wanawe watatu wamekua, mmoja ni muuguzi. Nikimtazama yule mtoto katika picha na sare yake nyeupe, siwezi kuwaambia ningeliacha tofali lile mahali pake. Mungu ananiona, siwezi. Na nikimkumbuka Thandeka akihesabu vidole vyake, siwezi pia kusema nilifanya vizuri. Nimezeeka na yote mawili.

MaNgcobo amerudi kwao milimani, upande wa Eshowe, ana kuku na mbuzi wachache. Nampigia simu kila mwezi. Anapokea, hilo halijawahi kumshinda. Haniulizi afya, haniulizi watoto. Nasikia kuku wake, nasikia pumzi yake, halafu anauliza, "Umempata?"

Nasema, "Bado, dada."

"Haya," anasema. "Ukimpata, njoo. Nitapika mimi."

Halafu simu inakatika.

Kwa hiyo nawaomba, wanangu. Mimi miguu imekwisha. Nyinyi mnafika Johannesburg, mnafika Newcastle, mna marafiki kila kona na simu zenye macho. Mkikutana na mwanamke mrefu mwenye mwanya, aitwaye Thandeka, atakuwa mtu mzima sasa, mwulizeni kama aliwahi kusimama geti la sabuni Mobeni. Akisema ndiyo, msianze na habari zangu. Msiniombee msamaha, hiyo ni kazi yangu. Mwambieni kwanza kwamba siku ile alikuwa wa kumi na mbili. Alihesabu sawasawa.